Kuachwa kwa Viwango Vikongwe katika Maktaba za Programu

Lugha za kompyuta, kama zilivyo lugha za binadamu, hukua. Tofauti ni kwamba nyingi kati yazo huwekewa kiwango rasmi, na kila kiwango kipya huongeza miundo ambayo kompaila ya zamani haiielewi. Lugha ya C++, iliyobuniwa na Bjarne Stroustrup, ilipata kiwango chake cha kwanza cha kimataifa mwaka wa 1998. Kiwango hicho kilirekebishwa mwaka wa 2003, kisha mwaka wa 2011 kikatokea kingine chenye mabadiliko makubwa.

Boost ni mkusanyiko wa maktaba za lugha hiyo, yaani sehemu za programu zilizokwisha kuandikwa ambazo yeyote anaweza kuzitumia bila malipo. Baadhi ya mbinu zake ziliingizwa katika kiwango cha 2011. Hata hivyo, maktaba zake nyingi ziliendelea kukubali kiwango cha 2003 kwa miaka mingi. Gharama haikuwa ndogo: jambo moja liliandikwa mara mbili, kwa mtindo mpya na wa kale, na kila badiliko lilipaswa kujaribiwa kwa kompaila za marika yote.

Mwaka wa 2023 watunzaji wa maktaba kadhaa za Boost waliamua kuutua mzigo huo. Ilani ilitolewa katika toleo la 1.82, mwezi wa Aprili. Utekelezaji ukaja katika toleo la 1.84, mwezi wa Desemba. Kwa kuwa maktaba hutegemeana, ile ya msingi ikidai kiwango kipya, zote zilizojengwa juu yake hulazimika kukidai pia.

Je, anayetumia mtambo ambao kompaila yake haibadiliki afanyeje? Toleo la zamani halifutwi. Anaweza kubaki nalo. Lakini kasoro zitakazogunduliwa baadaye huenda zisirekebishwe humo, na kazi ya kuzirekebisha itamwangukia yeye.

Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtumiaji huiona kazi ya mtunzaji kuwa nyepesi, na mtunzaji huiona safari ya mtumiaji kuwa fupi. Kiwango kikongwe hakina budi kuachwa siku moja. Haki iliyopo ni ilani ya mapema, na toleo la mwisho lililo imara kwa wale watakaobaki nyuma.