Sarufi na Kiinimacho: Asili ya Neno la Kiskoti "Glamour"

Katika Kiskoti, lugha ndugu ya Kiingereza ambayo wengi wameiita lahaja tu, neno glamour halikumaanisha urembo. Lilimaanisha kiinimacho: uchawi unaomfanya mtu aone kisichokuwapo. Hata hivyo, asili yake ni neno lenye maana ya sarufi. Wagiriki waliita elimu ya herufi grammatike. Kilatini kikalipokea neno hilo, na katika Kifaransa cha kale likawa gramaire. Katika Zama za Kati, kujua sarufi kulikuwa ni kujua Kilatini, na msomi alidhaniwa na wasiosoma kuwa na ujuzi wa siri. Ndiyo maana Kifaransa nacho kilizaa grimoire, yaani kitabu cha uchawi. Huko Uskoti, /r/ ya kwanza iligeuka /l/, na maana ya uchawi ikabaki peke yake. Walter Scott, hususan kwa utenzi wake wa mwaka 1805, alilieneza neno hilo miongoni mwa wasomaji wa Kiingereza. Maana ya mvuto wa sura ilifuata baadaye.

Kwa hiyo, si sahihi kudai kwamba wenyeji waliliharibu neno la wasomi. Usemi wao ulihifadhi jambo ambalo lugha sanifu ililisahau: kwamba maandishi, kwa aliyenyimwa elimu, hufanana na uchawi.