Kabla afisa hajakaa dirishani

GITAZA – Anayetoka Rumonge na madumu ya mawese kwenda Bujumbura hupita Gitaza akiwa na ziwa mkono wa kushoto na milima mkono wa kulia. Barabara ya taifa namba 3 imebanwa katikati. Machi 2015 milima hiyo iliporomoka, udongo na mawe vikaikumba Gitaza na kuifunga njia. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za kujenga kilomita 45 za Rumonge hadi Gitaza, katika mradi mmoja na kilomita 260 za Kabingo, Kasulu na Manyovu upande wa Tanzania. Ndiyo habari inayozungumzwa zaidi na wafanyabiashara wa pwani hii: barabara, mafuta ya gari, bei ya ndagala.

Jambo lisilozungumzwa ni jinsi afisa anayegonga muhuri kule Mugina au Kobero alivyofika kwenye kiti chake. Wapo vijana wenye shahada, Gitaza kama ilivyo Kigoma na Uvira, wanaokesha na madaftari wakijiandaa kwa mtihani wa kuingia kazi ya serikali. Baadhi yao wamesomea sosholojia, elimu ya jamii. Mtaani wanachekwa kidogo. Watu husema hiyo ni elimu ya maneno, afadhali uhasibu. Lakini ukilifungua daftari la sosholojia, mtu wa kwanza unayekutana naye ni yule yule afisa wa dirishani.

Aliyemwandika ni Max Weber, Mjerumani aliyefariki mwaka 1920. Kwake, ofisi ya kisasa huendeshwa kwa kanuni zilizoandikwa, na mtumishi huchaguliwa kwa ujuzi uliopimwa, hulipwa mshahara, wala hawi mali ya mkubwa fulani. China ilikuwa imetumia mitihani kuchagua maofisa kwa zaidi ya miaka elfu moja kabla ya kuifuta mwaka 1905. Waingereza walianza kuachana na kazi za kupeana kwa kujuana baada ya ripoti ya mwaka 1854. Hoja yao mfanyabiashara anaielewa bila kufika chuo: aliyeingia kazini kwa kimemo ana deni, na deni hilo mara nyingi hulipwa na anayefika dirishani na mzigo.

Chukua cheti rahisi cha uasili wa bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kimewekwa kwa ajili ya mfanyabiashara mdogo ambaye mzigo wake hauzidi dola 2,000 za Marekani na bidhaa zake zimezalishwa ndani ya Jumuiya. Kwenye karatasi, mama mwenye magunia yake ya maharage anajaza fomu na kupita bila ushuru wa forodha. Mpakani, afisa anaweza kumsaidia kuijaza, anaweza kusema fomu zimekwisha, anaweza pia kumwambia asubiri mpaka saa ya gari imepita. Mmarekani Michael Lipsky aliandika kitabu kuhusu watumishi wa aina hii mwaka 1980. Alisema sera ya serikali, kwa mwananchi, ni kile anachotendewa na mtumishi wa ngazi ya chini aliye mbele yake. Mtahiniwa anayeandika jibu hilo kwa mfano wa magunia ya maharage ameelewa somo kuliko aliyekariri tarehe.

Hapo ndipo kijana wa Gitaza ana utajiri asioutambua. Mfaransa Émile Durkheim, katika kitabu chake cha mwaka 1893 juu ya mgawanyo wa kazi, alieleza mshikamano unaozaliwa na watu kutegemeana kwa sababu kila mmoja anafanya kazi tofauti. Asiyemwelewa ashuke mwaloni alfajiri. Wavuvi wanarudi na taa zao, mwenye chombo anahesabu mgawo wake, fundi anangojea injini mbovu, wanawake wanapokea ndagala za kuanika, na mchuuzi ameshika simu akiuliza bei ya Bujumbura. Mmoja akikosekana wote wanalala njaa.

Kuna pia Mark Granovetter, aliyechunguza namna watu wa eneo la Boston walivyopata kazi. Mwaka 1973 alitoa makala iliyoonyesha kuwa habari za kazi huja zaidi kupitia watu tunaofahamiana nao kwa mbali kuliko ndugu na marafiki wa karibu, kwa kuwa wa karibu wanajua yale yale tunayoyajua. Mfanyabiashara wa ziwani atatabasamu. Bei ya Kigoma haletewi na kaka anayelala naye nyumba moja; anaambiwa na baharia waliyeonana mara mbili.

Ugumu wa mtahiniwa huyu uko kwenye lugha. Nyumbani Gitaza ni Kirundi. Mwaloni na kwenye biashara ya ng'ambo ni Kiswahili. Vitabu na mitihani ya elimu ya juu ni Kifaransa, na tangu 2014 Kiingereza nacho ni lugha rasmi ya nchi. Pierre Bourdieu, mtoto wa mfanyakazi wa posta wa kijijini Ufaransa, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha kwamba mtihani unaosemekana kupima akili tu hupima pia lugha na adabu ambazo watoto wa wakubwa huzikuta nyumbani. Wakuu wa nchi za Jumuiya walikubaliana Februari 2021 kwamba Kiswahili na Kifaransa viungane na Kiingereza kama lugha rasmi za Jumuiya. Uamuzi mzuri, ila haujamfikia mtahiniwa anayejua jibu kwa Kiswahili na kulitafuta kwa Kifaransa huku saa inakwenda.

Burundi ina sababu zake za kulichukulia suala hili kwa uzito. Nchi imeonja kwa damu matunda ya kugawana shule na vyeo kwa upendeleo. Baada ya Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, ulioanzwa na Mwalimu Nyerere na kukamilishwa na Mandela, katiba ya 2005 ilitaka utumishi wa umma uonyeshe sura ya taifa zima. Ajira zifuate vigezo vya haki vya uwezo, na pia zirekebishe uwiano wa makabila, mikoa, wanawake na wanaume. Sharti mbili, mizani moja. Afanyeje msahihishaji zinapovutana? Hilo ni swali la sosholojia lisilo na jibu la kukariri, na huenda ndilo bora kuliko yote kumuuliza mtu anayetaka kuwatumikia wengine.

Msongamano nao si mdogo. Juni 2014 zaidi ya watu 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596 ikapata waombaji zaidi ya 100,000. Mlango ukiwa mwembamba hivyo, kila mmoja huanza kumtafuta mjomba.

Asiye na mjomba anabaki na daftari. Siku ya mtihani, anayetoka Gitaza hupanda gari la kwanza la Bujumbura, lile lile linalobeba makapu ya ndagala. Wingu likionekana zito milimani, huondoka jana yake.