Pensheni: wanawake wanaofanya kazi ya kulinda feza za uzee

Mtu anayeweka feza kwa ajili ya uzee anafanya jambo zito. Anakata sehemu ya jasho la leo, anaikabidhi mikononi mwa watu asiowajua, kisha anangojea miaka 30 ili arudishiwe. Katika miaka hiyo kampuni inaweza kufa, feza inaweza kupoteza nguvu, vita inaweza kufunga benki. Na siku anapofika dirishani, jina lake linaweza kukosekana katika daftari.

Ndiyo maana kuna watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuangalia ahadi hiyo isivunjike. Wengine wanaandikisha wafanya kazi, wengine wanakagua waajiri, wengine wanapiga hesabu ya miaka ambayo watu wataishi, wengine wanatafuta mahali pa kuweka feza zizae, na wengine wanaandika sheria. Katika nchi nyingi wanawake wameingia katika kazi hiyo, na baadhi yao wamerekebisha mambo ambayo waliotangulia hawakuyaona. Walikuwa na sababu ya kuyaona: pensheni ikiwa mbaya, mwanamke ndiye anayeumia zaidi.

Mashimo katika daftari

Karibu kila mahali, pensheni inahesabiwa kwa vitu viwili: miezi ambayo mtu alilipa michango, na mshahara aliokuwa nao. Mwanamke anazaa, anaacha kazi au anapunguza saa ili alee, kisha anarudi kwa mshahara mdogo. Miaka kadhaa baadaye anaacha tena ili kumhudumia mzazi mgonjwa. Kila mara daftari linabaki na shimo. Halafu, kwa kawaida, anaishi miaka mingi kuliko mume wake. Kwa hiyo feza kidogo inapashwa kumfikisha mbali zaidi.

Mmoja wa wanawake wa kwanza kushughulikia jambo hili kama kazi ya maisha alikuwa Frances Perkins wa Marekani. Tarehe 25 Machi 1911 aliona kwa macho yake moto ulioteketeza kiwanda cha nguo mjini New York. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana washonaji. Tangu siku hiyo alijitoa kukagua viwanda na kudai sheria za kuwalinda wafanya kazi.

Mwaka 1933 Rais Franklin Roosevelt alimwita awe waziri wa kazi. Hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kuwa waziri katika serikali ya nchi hiyo. Kabla ya kukubali, Perkins alimweleza rais mambo aliyotaka kuyafanya, na bima ya uzee ilikuwa kati yake. Aliongoza kamati iliyotayarisha sheria, na Roosevelt akaitia sahihi tarehe 14 Agosti 1935.

Mtu wa kwanza kupokea pensheni ya kila mwezi chini ya sheria hiyo alikuwa mwanamke pia: Ida May Fuller, mwandishi wa ofisi ya wanasheria katika jimbo la Vermont. Alikuwa amelipa michango kwa miaka mitatu tu, jumla dola 24.75. Malipo yake ya kwanza, ya tarehe 31 Januari 1940, yalikuwa dola 22.54. Fuller aliishi hadi umri wa miaka 100, na alipofariki mwaka 1975 alikuwa amepokea dola zaidi ya 22,000. Hakuwa na mume wala mtoto wa kumtunza. 

Lakini sheria ya Perkins nayo ilikuwa na shimo. Iliwaacha nje wafanya kazi wa mashambani na wa nyumbani, na kati yao wanawake, hasa wanawake weusi, walikuwa wengi. Wafanya kazi wa nyumbani walianza kuingizwa kwa mabadiliko ya mwaka 1950. Kazi ya pensheni ni hivyo: mmoja anafungua mlango, mwingine anakuja kuhesabu waliobaki nje.

Kampuni inapokufa

Nchini Uingereza, Ros Altmann alianza upande wa biashara. Alifanya kazi katika mabenki akisimamia uwekezaji wa feza za pensheni, kazi ambayo wakati huo wanawake walikuwa wachache mno. Angeweza kubaki huko.

Mwaka 2002 kampuni ya chuma Allied Steel and Wire ya mjini Cardiff ilianguka. Wafanya kazi waliokuwa wamekatwa michango kwa miaka mingi waligundua kwamba kasha la pensheni yao halina feza za kutosha. Yaliyowapata yalipata pia watu wa kampuni nyingine. Altmann alichukua ujuzi wake wa hesabu akausimamisha upande wao, akaonyesha kwamba serikali iliwaambia watu feza zao ziko salama wakati hazikuwa salama. Mwaka 2004 serikali ilikubali kuanzisha mpango wa kuwasaidia waliopoteza, na mwaka 2005 ukaanza mfuko wa kulinda pensheni za kampuni zinazoanguka. Miaka kumi baadaye Altmann mwenyewe aliteuliwa waziri wa pensheni.

Wasomaji wa Kivu na Maniema hawahitaji kuelezwa sana habari ya namna hii. Wafanya kazi wa zamani wa SOMINKI, kampuni ya madini iliyotawala Kamituga na Kalima, wamedai haki zao kwa miaka mingi tangu kampuni hiyo ifungwe. Wengi wamezeeka wakingojea.

Jeannie Drake, wa Uingereza pia, alitokea katika sendika. Mwaka 2002 aliingia katika tume ya watu watatu iliyopewa kazi ya kuchunguza pensheni za nchi nzima, akiwa mwanamke pekee. Wakati huo, ili kupata pensheni kamili ya serikali, mwanamume alihitaji miaka 44 ya michango na mwanamke miaka 39. Wanawake wengi hawakuifikia. Baada ya ripoti za tume hiyo, sheria ya mwaka 2007 ilishusha hesabu hadi miaka 30 kwa waliofikia umri wa retreti kuanzia mwezi wa nne 2010. Miaka ya kulea watoto au kuhudumia mgonjwa ikahesabiwa kama miaka ya michango. Kisha, kuanzia mwezi wa kumi 2012, waajiri walianza kulazimishwa kuwaingiza wafanya kazi katika akiba ya uzee bila kungoja mfanya kazi aombe.

Hata hapo shimo lilibaki: anayepata chini ya pauni 10,000 kwa mwaka katika kazi moja haingizwi moja kwa moja. Anayefanya kazi mbili ndogo ili aweze kulea, kwa kawaida ni mwanamke.

Jirani wa ng'ambo ya ziwa

Tanzania nayo ilipitia mabadiliko makubwa. Nchi hiyo ilikuwa na mifuko kadhaa ya pensheni, kila mmoja na kanuni zake. Sheria ya mwaka 2008 iliunda mamlaka ya kuisimamia yote, na katika miaka yake ya kwanza iliongozwa na mwanamke, Irene Isaka. Mwaka 2018 mifuko minne iliunganishwa kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, na NSSF ikabaki na wafanya kazi wa sekta binafsi.

Mwishoni mwa mwaka huo, kanuni mpya ilipunguza malipo yanayotolewa kwa mkupuo siku ya kustaafu hadi asilimia 25. Wafanya kazi walilalamika sana, na Rais John Magufuli akaisimamisha. Baadaye Isaka alipewa uongozi wa mfuko wa bima ya afya, NHIF. Somo lililobaki ni kwamba hesabu, hata ikiwa sahihi kwenye karatasi, haisimami kama mwenye feza hajaielewa na kuikubali.

Congo: sheria ipo, daftari je?

Congo ilikuwa na shirika la usalama wa jamii, INSS, tangu mwezi wa sita 1961. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliandika upya kanuni zake, na leo shirika hilo linaitwa CNSS. Kwa upande wa pensheni, mfanya kazi anakatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza asilimia 5. Watumishi wa serikali wana kasha lao, CNSSAP.

Tarehe hiyo hiyo, 15 Julai 2016, ilitiwa sahihi pia sheria iliyobadilisha kanuni za jamaa, ikaondoa lazima ya mwanamke aliyeolewa kuomba ruhusa ya mume kwa kila tendo la kisheria. Katika siku moja, mwanamke wa Congo alipata sheria mpya ya pensheni na haki ya kujisimamia mwenyewe.

Lakini sheria hiyo inamshika vizuri mwenye mshahara uliotangazwa. Mama anayeuza ndizi Kadutu, mlimaji wa Masisi, mshonaji wa Beni, na hata msichana anayefanya kazi ya nyumbani bila karatasi, mara nyingi wako nje ya daftari.

Wengi wao wanaweka akiba kwa njia nyingine. Wana likirimba. Wana muso, yenye kasha la kijani kwa mikopo na kasha jekundu kwa misiba na magonjwa. Wana AVEC, yenye sanduku la kufuli tatu na funguo tatu mikononi mwa watu watatu. Ni akina mama, mara nyingi, wanaoshika madaftari hayo. Ila AVEC inagawanya feza mzunguko unapoisha, karibu kila mwaka. Inasaidia kulipa masomo na kununua mabati. Haikuundwa kumlisha mwanamke akiwa na miaka 75.

Kuna pia hofu ya kweli. Waliokuwa na akiba wakati wa Zaire wanakumbuka mwaka 1993, zaire milioni tatu zilipogeuka kuwa zaire mpya moja, na mwaka 1998, zaire mpya laki moja zilipogeuka franga moja. Na mwanzoni mwa mwaka 2025, vita ilipofika Goma na kisha Bukavu, benki zilifunga milango. Mzee anayelipwa kupitia benki anafanya nini?

Maswali haya ndiyo kazi yenyewe, na yanahitaji watu waliosoma hesabu, sheria, uchumi na kompyuta. Yanahitaji mkaguzi anayeingia katika kampuni na kuuliza kwa nini wafanya kazi 40 wako kazini na majina 15 tu yametangazwa. Yanahitaji mtu anayejua kwamba mama wa soko halipwi kila mwezi, hivyo mchango wake unapashwa kufuata siku za soko. Kenya ilijaribu jambo kama hilo kwa mafundi wa jua kali: mpango unaoitwa Mbao, wa shilingi 20 kwa siku.

Msichana wa Kivu anayemaliza masomo ya biashara haoni mara nyingi kazi hii kati ya zile zinazotajwa nyumbani. Anaambiwa ualimu, uuguzi, shirika la misaada. Hata hivyo, aliyekua akimtazama mama yake akifunga hesabu ya muso kila juma, bila franga moja kupotea, ameshajifunza sehemu yake ngumu zaidi, ile ya kushika feza ya mwingine kama amana.

Kwa mwanamke ambaye tayari ana mshahara, kuna hatua isiyohitaji kungoja mtu: kumuuliza mwajiri namba yake ya CNSS, kisha kwenda kwenye biro kuuliza ni miezi mingapi imeandikwa kwa jina lake. Shimo linaloonekana akiwa na miaka 35 linaweza kudaiwa. Likionekana akiwa na miaka 60, huenda mwajiri hayupo tena.