Ukingo Mdogo Ndani ya Gobore

Gobore likifyatuka kabla ya wakati, lawama humwangukia aliyelishika. Mara nyingi kosa liko ndani ya mtambo, kwenye ukingo wa chuma wa milimita chache.

Magobore, yaani bunduki za kushindilia baruti mdomoni, yaliingia bara na misafara ya pwani, iliyokatiza Ugogo kwenda Tabora. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana silaha za kisasa kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini, lakini ukaacha upenyo kwa gumegume, bunduki za kuwashwa kwa jiwe, zisizo na michirizi ndani ya mtutu. Umbo lile la kale likadumu, na wahunzi wakaliiga, ila fataki, kikofia kidogo cha kuwashia baruti, ikachukua nafasi ya jiwe.

Ndani ya mtambo kuna kipande kinachozunguka pamoja na nyundo, chenye mapengo mawili. Ulimi wa chuma unaoguswa na kifyatulio hunasa humo. Pengo la mwisho, la nyundo iliyoinuliwa kabisa, lina kina kifupi, ili kidole kikivuta, ulimi utoke. Pengo la nusu, la nyundo iliyoinuliwa nusu, ni la kina, na ukingo wake umejikunja juu ya ncha ya ulimi: hata ukivuta kwa nguvu, hautoki. Hapo ndipo nyundo hukaa mtu anapovika fataki. Ukingo huo ukilika, nyundo huangukia fataki huku vidole vikiwa palepale.

Katika nakala nyingi chuma ni laini, kwa hiyo hulika mapema. Kukipiga tupa tena ni kuahirisha ajali tu. Fundi wa chuma pale Majengo, Dodoma, anajua kwamba tindo isiyotiwa maji hupinda ncha upesi. Dawa ni kipande kipya kilichofukiwa ndani ya makaa ya mifupa na ngozi, kikapashwa moto hadi karibu nyuzi 900, kisha kikazimwa ghafla. Kaboni hupenya ngozi ya nje tu: nje panakuwa pagumu, ndani panabaki na ustahimilivu, kisivunjike kikigongwa.

Hata mtambo ukiwa mzima, fataki huvikwa mwisho kabisa, baada ya mdeki kutolewa. Ninasisitiza hili kwa sababu yaliyo hatarini ni mikono na macho ya watu.

Lakini mtutu uliotengenezwa kwa bomba la maji hauna tiba. Baruti ya kisasa isiyo na moshi, iliyobuniwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, ikitiwa humo huungua kwa kasi zaidi kadiri msukumo unavyopanda, na bomba hupasuka. Gobore la namna hiyo, au lisilo na kibali, halipelekwi kwa fundi. Linasalimishwa polisi.