Godoro Moja, Miili Miwili



Mtu hutumia karibu theluthi moja ya maisha yake kitandani. Hata hivyo, tukinunua jembe twalipima mkononi. Tukinunua viatu twavivaa kwanza. Tukinunua kitambaa twakivuta na kukitazama kwenye mwanga. Lakini godoro, ambalo litatubeba kila usiku kwa muda wa miaka kumi au zaidi, twalichagua kwa rangi ya mfuko wake na kwa bei yake tu. Baadaye mgongo unauma, na hatujui sababu.

Jambo hili huwa gumu zaidi kwa mume na mke. Mmoja ni mnene, mwingine ni mwembamba. Mmoja hulala chali, mwingine hulala ubavu. Mmoja asema: «Godoro hili ni laini mno, kiuno changu chazama.» Mwenziwe ajibu: «Baba watoto, mimi naona kama nalala juu ya ubao!» Wote wawili wasema kweli. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na kila mwili hulala kwa uzito wake na umbo lake.

Wengi wametuuliza habari za magodoro ya lateksi, kwa maana husifiwa sana na bei yake ni kubwa. Basi leo tutaeleza lateksi ni kitu gani, ugumu wake hupimwa namna gani, na watu wawili wasiofanana wafanyeje ili wote wapate usingizi.

Lateksi ni nini?

Lateksi ni utomvu mweupe kama maziwa, utokao katika gome la mti wa mpira. Mti huo asili yake ni nchi za mto Amazon, huko Brazili. Katika nchi yetu jina la mpira lina kumbukumbu chungu: siku za Dola Huru ya Kongo (1885–1908) watu walilazimishwa kuutafuta porini, katika mimea itambaayo juu ya miti, na wengi walipoteza mikono yao na maisha yao. Mashamba ya miti ya mpira yalikuja baadaye. Leo sehemu kubwa ya mpira wa dunia hutoka Thailand na Indonesia. Katika Afrika, Kodivaa ndiyo inayotangulia.

Mwaka 1929 wataalamu wa kampuni ya Dunlop, huko Uingereza, walipata njia ya kuupiga utomvu huu mpaka utoe povu, kisha kuumimina katika kalibu na kuupika. Njia hiyo yatumika hata leo. Povu likitulia, chembe nzito hushuka chini. Kwa hiyo upande wa chini huwa mgumu kidogo kuliko wa juu. Njia ya pili huitwa Talalay: kalibu hujazwa nusu tu, hewa hunyonywa ili povu litanuke na kuenea mahali pote, kisha hugandishwa kwa baridi kabla ya kupikwa. Lateksi ya namna hii husawazika vizuri zaidi, lakini ni ghali.

Mjihadhari na udanganyifu. Wauzaji wengine huita «lateksi» kila kitu kinachobonyea. Matela nyingi za sokoni ni za sponji ya kawaida iitwayo mousse, iliyotengenezwa kwa mafuta ya petroli. Si kitu kibaya, lakini haipasi kuuzwa kwa bei ya lateksi. Mfungue zipu ya mfuko mtazame: lateksi huwa na matundu mengi yaliyopangwa kwa safu, ukiibonyeza hurudi mara moja, tena ni nzito. Godoro la lateksi la sentimeta 160 kwa 200, lenye unene wa sentimeta 18, laweza kufika kilo 40. Mkiweza kulibeba kwa mkono mmoja, mwulize mwenye duka maswali zaidi. Tena mkumbuke kwamba maneno «lateksi asilimia 100» hayana maana ya utomvu wa mti peke yake. Iko lateksi ya viwandani pia, na mara nyingi huchanganywa.

Ugumu hupimwaje?

Viwandani hupima hivi: kisahani cha duara hukandamizwa juu ya kipande cha lateksi mpaka kibonyee kwa robo ya unene wake. Nguvu iliyotakiwa huandikwa kwa tarakimu. Katika hesabu ya ratli, ambayo wauzaji wengi huifuata, chini ya 20 ni laini. Kati ya 20 na 28 ni ya wastani. Kuanzia 30 na kuendelea ni ngumu. Viwanda havikubaliani sawasawa juu ya mipaka hiyo, kwa hiyo tarakimu ni msaada tu. Hakimu wa mwisho ni mgongo wenu.

Tena ugumu si jambo la godoro peke yake, bali ni la godoro na mtu. Tuseme mume ana kilo 95 na mke ana kilo 55. Wakilala juu ya lateksi ile ile, mume huzama sana na mke huzama kidogo. Godoro lililo la wastani kwa mume laweza kuwa gumu kwa mke. Ndiyo maana ubishi wa nyumbani hauishi: kila mmoja asema habari za mwili wake mwenyewe.

Namna ya kulala nayo ni ya kuangaliwa. Anayelala ubavu huulemeza uzito wake juu ya bega na nyonga. Yafaa apate godoro linalobonyea mahali hapo, ama sivyo bega litauma na mkono utakufa ganzi. Anayelala chali ataka godoro la wastani au gumu kidogo, lenye kushika kiuno. Anayelala kifudifudi ataka gumu zaidi, kwa maana tumbo likizama mgongo hupinda. Mama mwenye mimba, hasa katika miezi mitatu ya mwisho, hushauriwa alale ubavu. Basi haja yake hubadilika, hata kama zamani alipenda godoro gumu.

Je, gumu ndilo bora kwa mgongo?

Wazee wetu wengi, hata waganga wengine, wamesema kwamba mwenye kuumwa mgongo alale juu ya kitu kigumu. Mwaka 2003 jarida la waganga liitwalo The Lancet lilitoa habari za uchunguzi uliofanyika Hispania. Watu 313 wenye maumivu ya kiuno ya siku nyingi waligawanywa: wengine walipewa magodoro magumu, wengine magodoro ya ugumu wa wastani. Baada ya siku 90, waliopata ya wastani walikuwa na nafuu kubwa zaidi kuliko wale wa magodoro magumu. Basi mume asimlazimishe mkewe kulala juu ya godoro gumu kwa kudai kwamba ni dawa. Wala mke asidhani kwamba laini sana ndiyo raha: godoro linalommeza mtu humpinda uti wa mgongo usiku kucha.

Wawili wafanyeje?

Kwanza, waende dukani pamoja. Yako mazoea ya baba kwenda peke yake, kulipa, na kurudi na godoro juu ya gari kama zawadi. Twasifu moyo wake, lakini amenunua kwa ajili ya mgongo wake tu. Wavue viatu, walale wote wawili kwa wakati mmoja, kwa namna wanavyolala nyumbani, dakika 10 au 15 bila haya. Anayelala chali atie mkono chini ya kiuno: ukipita kwa urahisi na nafasi ikibaki, godoro ni gumu mno, usipopita kabisa, ni laini mno. Anayelala ubavu atazamwe na mwenzake kutoka nyuma: uti wa mgongo unyoke tangu shingo mpaka kiunoni.

Pili, kama tofauti yao ni ndogo, wachague godoro la wastani. Wakisitasita kati ya mawili, wachukue lile gumu kidogo. Kwa nini? Kwa sababu gumu laweza kulainishwa kwa kuongeza tandiko la lateksi la sentimeta 5 juu yake. Lakini lililo laini kupita kiasi halitiwi ugumu kwa tandiko lolote.

Tatu, kama tofauti ni kubwa, wasigombane: wagawe. Yako magodoro ambayo ndani ya mfuko mmoja matabaka yake yamekatwa katikati, ngumu upande huu na laini upande huu. Katika nchi nyingi za Ulaya ni desturi kuweka magodoro mawili ya sentimeta 80 au 90 katika kitanda kimoja. Hata fundi wetu wa mbao aweza kutengeneza kitanda cha namna hiyo. Sharti ni moja: magodoro yawe na unene ule ule. Ufa wa katikati hufunikwa kwa tandiko jembamba na shuka moja pana. Tandiko likiwa nene, tofauti mliyoilipia itapotea.

Nne, kama fedha haitoshi kwa yote, aanze kusaidiwa yule anayeumia. Mwenye afya aweza kuvumilia godoro lisilompendeza. Mwenye kuamka kila asubuhi na maumivu hawezi kufanya kazi ya siku. Hesabu hiyo ni ya haki, awe ni baba au ni mama.

Kulitunza

Godoro la sufi au la pamba tumezoea kulianika juani. Lateksi msiianike! Jua huugeuza mpira kuwa wa manjano, mkavu, wenye kumomonyoka. Mlipitishie hewa kivulini, na mfuko wake peke yake ndio uanikwe. Msililaze sakafuni wala juu ya ubao mzima, kwa kuwa unyevu hautapata njia ya kutoka. Liwekwe juu ya chaga zenye nafasi ndogo kati yake. Mtu ambaye mwili wake humwasha au huvimba akigusa mpira amwulize mganga kabla ya kununua. Na mtoto mchanga asilazwe juu ya godoro laini la wazazi: yeye ataka mahali pagumu na pa tambarare, pasipo mito, ili pumzi yake isizibwe.

Basi, kabla ya kutoa fedha, keti na mwenzako jioni moja, mwulizane: Walala namna gani? Waumwa wapi ukiamka? Waamka mara ngapi usiku? Andikeni majibu hayo katika karatasi, mwende nayo dukani, na mwenye duka aionyeshe lateksi inayoyajibu yote mawili. Akikataa msilale juu yake kabla ya kununua, nendeni duka jingine.