Je, Wajua? Saa Zinakopotelea Bondeni Kilombero

Je, wajua kwamba Ifakara iko kama nyuzi 8 kusini mwa ikweta, na kwa hiyo tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote katika mwaka haifiki hata saa moja? Asubuhi ikishapotea, hakuna jioni ndefu ya kuifidia.

Je, wajua kwamba mwizi mkubwa wa muda bondeni hakuwa uvivu, bali kungoja? Kwa miaka mingi, aliyetoka Ifakara kwenda Mahenge au Malinyi alivuka Mto Kilombero kwa kivuko. Mgonjwa alingoja ng'ambo, mpunga ulingoja, basi lilingoja. Januari 2016 kivuko kikazama. Mei 2018 likazinduliwa daraja la mita 384, ambalo mtembea kwa miguu hulivuka kwa dakika tano hivi. Watu walikuwa walewale, mto uleule, ila nusu siku ikarudi mikononi mwao. Ndiyo maana naamini kwamba mtu anayelalamika siku haimtoshi aanze kwa kuhesabu dakika anazongoja: foleni, saini ya bosi, mwenzake aliyechelewa kikaoni. Ajilaumu baadaye.

Malaria nayo ni suala la muda. Mtoto akiugua, mama haendi shamba, na magugu hayamsubiri. Mwaka 1997 watafiti wa Ifakara walianza kusambaza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga kwa jina la Zuia Mbu. Uhai wa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne waliovitumia uliongezeka kwa asilimia 27. Kufunga chandarua ni kazi ya dakika moja, na sijui dakika nyingine yenye faida kama hiyo.

Je, wajua kwamba familia nyingi za hapa huendesha nyumba mbili kwa wakati mmoja? Masika yakikolea, wakubwa huhamia vibanda vya shambani kwa wiki kadhaa, na wanafunzi wakabaki mjini kwa bibi. Kupanga nani alale wapi, nani apeleke unga, nani arudi Ijumaa, ni uongozi unaostahili heshima sawa na wa ofisi yoyote.

Kweleakwelea, ndege wanaovamia mashamba ya mpunga, hula zaidi asubuhi na mapema, kisha alasiri jua likipoa. Anayeamia ndege akilijua hilo hupata mchana wa kusuka mkeka, kulala kidogo au kufanya hesabu za shule.

Katika kilimo shadidi, mche wa mpunga huhamishwa ukiwa na siku 8 hadi 12 tu, mmoja mmoja, kwa nafasi ya sentimita 25 kila upande. Kupanda hivyo kunachosha, na siku ya kwanza mkulima huona anapoteza muda kwa kamba na vipimo. Faida huja wakati wa palizi: kwenye mistari iliyonyooka hupita mashine ndogo ya kusukuma kwa mikono, mahali ambapo zamani mtu aliinama na jembe kutwa nzima.

Miwa ikishakatwa huanza kupoteza sukari. Kwa mkulima wa Kidatu, lori lililokwama njiani ni hasara inayoongezeka kila saa.

Maharage yaliyolowekwa usiku huiva haraka na kuokoa mkaa. Ukiyakumbuka saa tano asubuhi, umechelewa.

Na kwa walioajiriwa: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Ukifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, una haki ya mapumziko ya dakika 60. Wengi huyatumia mapumziko hayo kwenye meza ya kazi wakidhani wanaonyesha bidii, na kufikia saa tisa alasiri wanasoma barua moja mara tatu. Muda wa ziada hulipwa angalau mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida.

Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mwanawe ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Kama wewe ndiye unayepanga zamu, ziandike saa hizo kwenye ratiba kabla hajalazimika kuziomba.