Uonevu Mabwenini: Kiboko Hakitoshi



Kila shule zinapofunguliwa wengi wetu twaomba advansi ya mshahara ili tupate karo, godoro na sanduku la bati. Mtoto akishapokewa langoni twaona kazi yetu imekwisha mpaka siku ya kuwatembelea. Lakini wako watoto ambao taabu yao huanzia hapo langoni. Katika shule za bweni hapa Uganda si ajabu mwanafunzi mgeni kunyang'anywa sukari na sabuni, kutumwa maji na wakubwa, kuwafulia nguo, na akikataa kupigwa usiku taa zikizimwa. Wazee wengine husema hayo ni ya kumkomaza mtoto. Sisi hatukubali. Nyapara angemfanyia mfanyakazi hivyo, tungeitisha mkutano siku hiyo hiyo.

Kijana wa mwanachama mmoja wa tawi letu alirudi likizoni amekonda, akasema harudi tena shule. Baba yake akamwambia ajikaze kiume. Mama ndiye aliyegundua kwamba blanketi halipo, na kwamba mlango ukilia usiku mtoto huruka kitandani. Wakaenda shuleni. Mwalimu wa zamu akawaita wale wakubwa, akawachapa mbele ya kijana mwenyewe, kisha akaamuru wapeane mikono. Wazazi wakarudi wameridhika. Usiku ule ule kijana akaitwa mchongezi, akailipia kila fimbo.

Sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 imekataza viboko shuleni. Hata bila sheria, mwonevu tayari anaamini kwamba mwenye nguvu humpiga mnyonge. Ukimchapa umemwambia kweli. Na kuwakalisha pamoja siku ya kwanza ni kumweka mnyonge machoni pa wanaomtisha. Wajumbe wa wafanyakazi wanalijua hili: aliyetishwa na nyapara hasemi neno nyapara akiwa chumbani. Kwanza asikilizwe peke yake.

Huko Uswidi mwalimu wa saikolojia, Anatol Pikas, alibuni njia ambayo twaona inafaa. Mshauri huanza na wale wanaosemekana kuonea, mmoja mmoja, pasipo kuwashtaki. Humwuliza, "Nasikia fulani ana taabu. Wewe wajua nini?" Akikubali kwamba taabu ipo, huulizwa yeye aweza kufanya nini ipungue. Wakiwa kundi ni simba. Akiwa peke yake kijana huweza kusema kwamba hata yeye hapendi yanayotendeka, ila anaogopa kugeukiwa. Kisha mshauri huzungumza na aliyeonewa, naye peke yake. Siku hupita, huonana nao tena, na mwishoni kabisa ndipo pande mbili hukalishwa pamoja.

Kijana wetu alisaidiwa kwa njia ya namna hiyo. Mwalimu mmoja wa kike aliwaita wakubwa mmoja mmoja, akamhamishia kijana kitanda karibu na kiranja anayemwamini, na kila Ijumaa akamwita kupanga vitabu, apate kusema bila wenzake kujua kwamba ameitwa kusema. Hakupona kwa wiki moja. Muhula mzima ulipita, na blanketi halikuonekana.

Tena si kazi ya mwalimu mmoja. Wilayani Luwero shule za msingi 42 zilishiriki uchunguzi wa mpango wa Good School Toolkit, wa shirika la Raising Voices la Kampala. Nusu yake zilifuata mpango huo, walimu, wanafunzi na wazazi wakipanga pamoja namna ya kuishi shuleni, nusu zikangoja. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kwamba katika shule zilizofuata mpango, watoto waliopigwa na walimu walipungua sana.

Lakini yako mambo yasiyo ya kushauriana. Mtoto akijeruhiwa, akichomwa au akiguswa kwa aibu, nendeni kwa polisi wa familia na watoto, au pigeni simu 116, ambayo ni bure. Iko chini ya wizara ile ile tunayoipelekea migogoro yetu ya kazi.

Siku ya kuwatembelea, msiishie kwenye "Unasoma?" Ulizeni anakula na nani, nani amelala kitanda cha pili, shuka ziko wapi. Akinyamaza msimkazanie mbele ya wenzake, mtembezeni kando. Na ukimkuta wako ana viatu ambavyo hukumnunulia, usicheke ukasema ni mjanja. Mwulize ni vya nani.

Tatizo letu ni zamu za Jumapili. Wengine hawajamwona mtoto muhula mzima. Tawi limemwomba meneja aruhusu kubadilishana zamu siku hizo, naye amekubali kwa watakaoandikisha majina wiki mbili kabla. Daftari liko kwa katibu wa tawi. Walio na mtoto anayeingia bweni kwa mara ya kwanza waandikwe mbele.